Miaka 34 na Bado "Kijana": Nani Humpa Mtu Utu Uzima?

Kwenye misiba mingi ya ukoo, wanaume wanapoitwa pembeni kupanga arobaini, jambo moja hujirudia. Kaka wa miaka 34, mwenye shahada lakini hana mke, anabaki nje na vijana kubeba viti na kukunja maturubai. Mdogo wake wa miaka 26, fundi uashi, anaitwa ndani na kuulizwa, "Baba Rehema, wewe unasemaje?" Hakuna aliyekusudia kumdhalilisha kaka mtu, lakini siku hiyo kila mmoja ameonyeshwa nafasi yake. Sasa, huyu kaka amekua au hajakua?

Aliyesomea ualimu atakimbilia jedwali la mwanasaikolojia Erik Erikson: hatua nane za maisha alizoziweka kitabuni mwaka 1950, kila hatua na mgogoro wake. Mtoto mchanga hujifunza kuwaamini watu au kuwaogopa, aliyebalehe huhangaika kujua yeye ni nani, kijana huingia kwenye mahusiano ya karibu au hubaki mpweke, na mzee hutazama nyuma akaridhika au akakata tamaa. Kwa mtazamo huu, utu uzima huanzia ndani ya mtu. Kaka akishajijua, akawa na msimamo na kusimamia maamuzi yake, amekua, mahari awe ametoa au hajatoa. Naupenda upande huu kwa sababu haumpimi mtu kwa mfuko wake. Pia humsaidia mzazi kuona kwamba ubishi wa binti yake wa miaka 15 ni kazi halali ya umri huo, wala si laana.

Upande wa pili una hoja nzito vilevile. Mwanasaikolojia wa Kameruni, A. Bame Nsamenang, alieleza mwaka 1992 kwamba mtoto wa Kiafrika hukua kwa kupokea majukumu kutoka kwa jamii yake, hatua kwa hatua, tangu kupewa jina hadi uzee, na kwamba utu uzima huambatana na ndoa na uzazi. Atakayepinga aangalie jando na unyago, au rika za Wamaasai, ambako moran hajipandishi mwenyewe kuwa mzee. Hupandishwa pamoja na rika lake, hadharani, kwa sherehe. Mtu anayepokelewa hivyo habaki kujiuliza usiku kucha kama amekua.

Tatizo la upande huu ni kwamba mlango wenyewe sasa unafunguliwa kwa pesa. Ajira ikichelewa, mahari huchelewa, nyumba huchelewa, na heshima huchelewa pamoja navyo. Mtafiti wa Msumbiji, Alcinda Honwana, aliandika mwaka 2012 kuhusu vijana wa Afrika waliokwama kwenye kusubiri huku. Serikali nazo zimesogeza mstari. Umoja wa Mataifa huhesabu vijana kuwa wa miaka 15 hadi 24, lakini Sera ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 inafika 35, sawa na Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006. Sioni ugunduzi wowote wa kisaikolojia hapo. Naona kukiri kwamba maisha ya kujitegemea yanachelewa kuanza.

Wanaomtumia Erikson kama saa ya ukutani wanamwonea. Yeye mwenyewe alisema kijana anahitaji muda wa kutafuta, na kwamba muda huo hutolewa na jamii. Aliyajua hayo kwa kuyaishi. Alizaliwa mwaka 1902 bila kumjua baba yake mzazi, akalelewa na baba wa kambo, akatangatanga Ulaya akichora hadi alipokaribia miaka 25. Kilichofunga kutangatanga kwake ni rafiki aliyemwita Vienna mwaka 1927 kufundisha kwenye shule ndogo. Kutafuta kulimfaa kwa sababu mwishoni palikuwa na mtu na kazi inayomngoja. Ukimwambia kijana wa Dar es Salaam ajitafute na hakuna anayemngoja mahali, umemwachia mzigo wa jamii nzima aubebe peke yake.

Kwa wanawake hesabu ni nyingine kabisa. Mwaka 1982 mwanasaikolojia Carol Gilligan alionyesha kwamba ramani kama hizi zilichorwa kwa kufuata maisha ya wanaume. Binti aliyezaa akiwa na miaka 17 anaitwa Mama Fulani kabla hajaulizwa anataka kuwa nani. Wengi wao hulishika swali hilo karibu na miaka 40, watoto wakishajitegemea: huyu anarudi shule, yule anafungua duka kwa jina lake mwenyewe. Ukoo unamshangaa, na jedwali linamwona amechelewa. Mimi naona amelifikia swali lake wakati ambao maisha yalimruhusu, na hilo halipingani na Erikson akisomwa vizuri. Mkewe Joan, aliyefanya naye kazi hiyo maisha yote, aliongeza hatua ya tisa katika toleo la mwaka 1997 la kitabu cha mumewe, The Life Cycle Completed, yeye mwenyewe akiwa ameshapita miaka tisini. Aliandika kwamba katika uzee mkubwa migogoro yote ya nyuma hurudi upya, ukiwemo ule wa kujiuliza mimi ni nani.