Muunganisho uliolala na ule uliolala na ufunguo mfukoni

Ukifungua pg_stat_activity, orodha ya waliounganishwa na hifadhidata ya PostgreSQL, ukakuta miunganisho 80, na 72 kati yake imeandikwa idle (imelala, haina kazi), mkono unawasha kutaka kuikata yote. Nami nilikuwa hivyo. Siku hizi nasoma kwanza kama baada ya neno hilo kuna lingine.

Wanaoitetea miunganisho iliyolala wana hoja nzito. PostgreSQL huanzisha mchakato wake kwa kila anayeunganishwa, na kabla hata swali la kwanza halijajibiwa kuna safari za mtandao na ukaguzi wa nywila. Programu inayofungua na kufunga kwa kila ombi hulipa gharama hiyo upya kila mara. Muunganisho uliolala ni akiba.

Wanaoulalamikia nao hawabwabwaji. Kikomo cha kawaida cha miunganisho ni 100, na aliyelala huhesabiwa sawa na anayechapa kazi. Seva kumi za programu, kila moja ikishikilia miunganisho 20, tayari zimekivuka. Tena, kabla ya toleo la 14 la PostgreSQL la mwaka 2021, wingi wa waliolala uliwachelewesha hata walio macho. Toleo hilo liliondoa sehemu kubwa ya mzigo huo.

Lakini ugomvi huo wote ni mdogo ukilinganisha na hali iitwayo idle in transaction, yaani kulala katikati ya muamala. Programu imeanza muamala (kundi la hatua zinazokamilishwa au kufutwa kwa pamoja), imesoma jedwali la wateja, kisha ikaenda kungoja jibu la huduma ya nje. Haijaandika chochote, ila kufuli lake dogo la kusoma bado inalo. Anakuja mwingine na ALTER TABLE, amri ya kubadili muundo wa jedwali, anataka jedwali peke yake, anaambiwa subiri. Wanaofuata, hata wa kusoma tu, wanapanga foleni nyuma yake. Jedwali limeganda, CPU imepoa, na chanzo ni muunganisho mmoja! Kama muamala huo ulikuwa umeandika kitu, VACUUM, kazi ya usafi ya PostgreSQL, nayo hushindwa kufagia safu zilizokufa (nakala za zamani zilizofutwa au kubadilishwa) baada yake.

Kwa huo sina huruma: idle_in_transaction_session_timeout, mpangilio unaokata aliyelala katikati ya muamala kupita muda uliowekwa, ipo tangu toleo la 9.6, ila huja imezimwa. Ningeiwasha na kuiwekea kikomo cha dakika moja. Ndugu yake, idle_session_timeout, anayekata hata aliyelala bila muamala, ningemgusa kwa tahadhari, kwani hukata muunganisho ambao programu inaamini ungali hai, na ombi linalofuata ndilo hupokea kosa.