Hilux ya Zamani Ijengwe Polepole

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye benchi la gereji moja hapa Arusha, nasubiri kubadilishiwa bushi, akaja kijana na karatasi mkononi. Shikamoo, marahaba, tukaanza kuzungumza. Amerithi Hilux ya marehemu baba yake, dabo kebini, injini ya dizeli ya 3L (hilo ni jina la aina ya injini, si lita tatu), gari lililobeba mahindi na saruji tangu yeye hajaanza shule. Sasa anataka kulitumia kwenda kupiga kambi na mke wake na mtoto wao. Karatasi ilikuwa makadirio aliyopewa: kunyanyua gari inchi nne, bampa la chuma la mbele, winchi (mashine ya kulivuta gari lililokwama), keria, hema la juu ya gari, snokeli (bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu), taa za mstari juu ya kioo, tairi kubwa. Jumla yake ilizidi bei ambayo mtu yeyote angelinunua gari lenyewe.

Nikainama kuchungulia chini. Silinda ya breki ya gurudumu la nyuma ilikuwa inavuja, mafuta yamechora mstari mweusi upande wa ndani wa tairi. Bushi za springi zimekwisha hadi chuma kinasaga chuma. Hozi ya juu ya rejeta imevimba karibu na klipu, ukiibonyeza inabonyea kama embe lililoiva. Katika vyote hivyo, hakuna hata kimoja kilichoandikwa kwenye ile karatasi.

Nimekasirika tangu siku ile. Kijana ana nia njema, ana gari zuri, na ana fedha kidogo aliyoitafuta kwa jasho. Anayemwambia aitumie yote kwenye vitu vya kuonekana wakati breki zinavuja anamhatarishia familia. Sina neno laini la kusema hilo.

Msimamo wangu ni kwamba pikapu kongwe ya kupigia kambi hujengwa kidogo kidogo, safari kwa safari, na kila safari ndiyo inayoamua kinachofuata kununuliwa. Fedha ni sababu mojawapo, lakini ziko kubwa zaidi.

Kwanza kabisa, ukifunga vitu vingi kwa mpigo hutajua kilicholeta shida. Gari likianza kuyumba kwenye lami baada ya kunyanyuliwa, kuwekewa tairi kubwa na kubebeshwa keria siku ileile, utamuuliza nani? Fundi atasema ni tairi, muuza tairi atasema ni alaimenti, na wewe utaendelea kulipa. Ukibadilisha springi peke yake, ukaenda nayo wikiendi mbili, mwili wako mwenyewe utakwambia gari limebadilika vipi. Gari kongwe kama hili la 3L halina kompyuta ya kukuonyesha hitilafu. Masikio yako na makalio yako ndiyo vipimo, nayo yanahitaji muda wa kulizoea.

Sasa nije kwenye uzito, maana hapo ndipo watu wanapoua magari.

Hilux za zamani tunaziita pikapu za tani moja, na mtu akisikia hivyo anadhani ana tani nzima ya kujipimia. Tani hiyo inahesabu abiria, mafuta ya ziada, maji na kila chuma ulichofunga. Dabo kebini hubeba pungufu kuliko singo, kwa sababu kebini yenyewe imeshakula sehemu ya uzito. Tukokotoe kwa makadirio ya kawaida. Watu wazima wawili na mtoto, kilo 170. Madumu matatu ya maji ya lita 20, kilo 60. Madumu mawili ya dizeli, kama kilo 34. Hema la juu 60, keria ya kulibeba 30, bampa la chuma na winchi 90, betri ya pili 25, friji iliyojaa 40, tairi la pili la akiba pamoja na rimu 30. Umeshavuka nusu tani, na hujapakia bado unga, mchele, mtungi wa gesi, sufuria, magodoro, jeki, vifaa vya kazi wala nguo. Gari halitasema kitu kwenye lami ya kutoka Arusha. Litaanza kusema ukishaiacha lami Mto wa Mbu na kushika njia ya vumbi ya Engaruka.

Mahali uzito ulipokaa pana maana sawa na wingi wake. Kilo 30 za tairi lililoning'inizwa kwenye bampa la nyuma hazifanyi kazi ya kilo 30. Zimekaa mbali nyuma ya ekseli, kwa hiyo kila magurudumu ya nyuma yanaporuka tuta na kutua, zinauvuta mkia chini kwa nguvu iliyozidishwa na huo umbali. Chasisi ndiyo inayopokea, na mahali inapochoka zaidi ni pale kati ya kebini na bodi ya mzigo. Nenda kasimame ubavuni mwa dabo kebini yoyote iliyobebeshwa mizigo ya nyuma kwa miaka, utazame ule mwanya kati ya kebini na bodi. Ukiuona umepanuka juu kuliko chini, mkia umeshaanza kulala. Lala chini na tochi, pangusa vumbi kwenye ukingo wa chasisi, utafute mstari mwembamba wa kutu unaokatiza rangi. Ule ni ufa. Ukishaufikia huo, mambo ya winchi yameisha, unatafuta fundi wa kuchomelea chasisi.

Kuna wanaotia mifuko ya upepo kwenye springi ili mkia usimame. Mkia utasimama kweli, na utapendeza machoni, ila chasisi inabaki na mzigo uleule, tena sasa unasukuma kutoka sehemu moja. Dawa ni kupunguza, na kinachobaki kisogezwe mbele ya ekseli ya nyuma: maji, betri, sanduku la vifaa, vyote viegemee ukuta wa kebini. Vyepesi kama magodoro, blanketi na nguo ndivyo vikae nyuma.

Kuhusu hema la juu, nakubali shingo upande kwamba linafunguka haraka na mtoto analala mbali na nge na siafu. Lakini ni kilo 60 zilizowekwa karibu mita mbili kutoka ardhini, na ukikatiza korongo kwa ubavu utazisikia zikikuvuta upande wa bondeni. Bodi ya dabo kebini ni fupi, mtu mzima halali akanyooka, kwa hiyo familia ile ya watu watatu ningeipeleka na hema la kawaida la chini, lenye sakafu nzito iliyoshonwa pamoja na kuta. Bei yake ni ndogo na usiku unapita vizuri.

Yangu ni singo, ina nafasi ya kulala kwa urefu, na niliijenga kama ninavyosema. Mwanzo ilikuwa godoro la sponji juu ya bati la bodi na turubai juu ya mabomba aliyoyachomelea fundi wa mageti. Safari za mwanzo zikaonyesha kwamba adui mkubwa ni vumbi. Gari likitembea, nyuma yake hewa inavuta, na vumbi la Engaruka, laini kama lilivyo, linaingia kwenye mwanya wa mlango wa bodi na kujaa mpaka ndani ya mswaki. Nikaziba mwanya ule kwa mpira wa milango, kisha nikafungua kidirisha kidogo mbele ya turubai, juu ya kebini, ili upepo uingie kwa mbele na kusukuma vumbi litoke. Baada ya hapo ndipo nikamwendea seremala wa Ngarenaro, akanipigia jukwaa la plaiwudi nene, sentimita 30 kutoka kwenye bati, masanduku yakaingia chini na godoro likakaa juu. Kama ningeanza na jukwaa kabla ya kulijua vumbi, mpira ule usingepata pa kukaa, na kazi yote ingebomolewa.

Kwa hiyo mtu aanzie wapi? Aanze na vinavyolisimamisha gari, vinavyoligeuza na vinavyolipoza. Breki zote nne zifunguliwe. Boljointi, tairodi na beringi za magurudumu zitikiswe kwa mkono gari likiwa juu ya jeki. Rejeta isafishwe, hozi zote ziwe mpya, feni ikaguliwe, maana mlima wa Mto wa Mbu kupanda Karatu umechemsha magari mengi yaliyokuwa yanatamba mjini, na injini hizi za dizeli zikichemsha sana silinda hedi haisalimiki. Kisha belti ya taiming. Kwenye 3L ni ya kubadilisha kila kilomita 100,000, na kama hujui ilibadilishwa lini, hesabu kwamba haijawahi kubadilishwa. Ikikatika, valvu zinapigana na pistoni na safari imeishia hapo.

Zikifuata tairi, chukua saizi ya kiwandani, za lami na vumbi, ukasome mwaka kabla ya kulipa. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watu wanauziwa tairi zinazong'aa ambazo zimekaa stoo miaka. Ukishapata tairi nzuri, nunua geji na kompresa ndogo ya betri. Hapo ndipo penye nguvu ya gari la porini, na bei yake hailingani hata kidogo na ya winchi. Nikiwa na mzigo natembea na upepo wa psi 35 kwenye lami, nikiingia barabara ya mawimbi nashusha hadi 26 hivi na mwendo naupunguza. Kwenye mchanga mzito nashuka hadi 18, taratibu, bila kukata kona za ghafla. Gari lililokuwa linachimba linatoka lenyewe. Ukirudi lami, jaza tena kabla ya kukimbia, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo linapata joto na kupasuka.

Udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika haujali tairi wala winchi. Pika chai, subiri jua.

Snokeli inasaidia kuvuta hewa ya juu yenye vumbi pungufu, hilo nalikubali. Haimpi mtu ruhusa ya kuingia mto ambao hajaupima kwa miguu yake. Winchi ina maana kwa anayesafiri gari moja mbali na watu, na ije baada ya miaka, wakati springi za mbele zimeshaandaliwa kuibeba. Kunyanyua gari, inchi mbili zinatosha kabisa, tena zitokane na springi mpya zilizopimwa kwa mzigo wako halisi. Taa za ziada zifungwe na fyuzi na relei yake, au zisifungwe. Na kamba ya kuvutia isifungwe kamwe kwenye boli ya trela, lile tufe la chuma la nyuma. Boli ikikatika inaruka kama risasi na inaua. Tafuta ndoano iliyofungwa kwa bolti kwenye chasisi, mbele na nyuma, kabla ya kununua kitu kingine chochote cha kukwamuka.

Bado nasikia watu wakisema kupiga kambi ni mambo ya wazungu. Jambo hilo linaniuma. Hifadhi ni zetu, kiingilio chetu ni kidogo kuliko cha mgeni, na bado watoto wengi wa Arusha wanamjua simba kwa picha tu. Pikapu ya baba iliyokwisha kubeba mahindi inaweza kuwafikisha. Spea zake ziko Unga Limited hapa Arusha, ziko Ilala kule Dar es Salaam, ziko hata kwenye duka dogo la mji wa njiani, na fundi wa kijijini anaifungua injini ya 3L bila kuuliza. Gari jipya lenye sensa likizima Engare Sero, kule ziwa Natron, unatafuta gari la kulibeba hadi mjini. Ndiyo maana nasema hizi kongwe zitunzwe, zisiuawe kwa mapambo.

Safari ya kwanza iwe ya karibu, Mto wa Mbu kwenyewe, ambako kambi zipo nyingi na kitu kikikatika unarudi mjini na Noah kufuata spea. Lala usiku mmoja, andika kila ulichokikosa na kila ulichokibeba bila kukigusa. Hivyo vya pili vibaki nyumbani safari ijayo. Ya pili iwe ziwa Natron kwa njia ya Engaruka, kiangazi, makorongo yakiwa makavu, tena mwende magari mawili. Kabla ya kuondoka pima kwa futi ya kamba kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa fenda, gari likiwa limepakiwa kila kitu, uandike namba. Mkifika, pangusa vumbi, kaza kwa spana yubolti zote zinazoshika springi kwenye ekseli, shika shokapu kwa mkono usikie kama kuna iliyovuja. Mkirudi Arusha, pima tena na mzigo uleule. Namba ikiwa imeshuka, nenda kwa fundi wa springi akuongezee jani moja kila upande. Ikiwa palepale, hela hiyo iweke kwenye dizeli ya kwenda ziwa Eyasi.