Ali Ahamada na hesabu ya makipa wa Komoro

Septemba 2012, Ali Ahamada aliacha lango lake dakika za nyongeza, akapiga kichwa, na klabu yake ya Ufaransa, Toulouse, ikatoka sare ya 2-2 na Rennes. Januari 2022 kipa huyohuyo alikwenda Kombe la Afrika na Komoro akiwa hana klabu. Kwa sisi watu wa Lamu, Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, si ugenini (Habib Swaleh wa msikiti wetu wa Riyadha alitoka huko), kwa hiyo swali la Komoro linatuhusu: visiwa vidogo vitegemee makipa waliolelewa Ulaya?

Wanaosema ndiyo wana ushahidi. Komoro iliingia FIFA mwaka 2005 tu, na katika mashindano yale iliilaza Ghana 3-2. Salim Ben Boina, mzaliwa wa Marseille, alishapangua penalti ya En-Nesyri wa Moroko. Umahiri huo hauji bila mkufunzi wa makipa na krosi nyingi tangu utotoni.

Wanaopinga hutaja yaliyofuata. Ben Boina aliumia bega, Ahamada na kipa wa tatu wakapatikana na korona. Ahamada akapimwa tena akawa salama, lakini kanuni ya siku tano za kutengwa ikamzuia. Dhidi ya Kameruni langoni akasimama Chaker Alhadhur, beki wa kushoto, namba 3 imebandikwa kwa tepu mgongoni. Komoro, ikiwa na wachezaji kumi tangu dakika ya 7 baada ya kadi nyekundu, ikafungwa 2-1 tu. Sasa hapo uzawa wa Ufaransa una kosa gani? Balaa lile lingeipata timu yoyote.

Hoja nzito ni nyingine, na haitajwi sana. Baada ya Toulouse, Ahamada alipita Kayserispor, Kongsvinger na Brann, kisha akakosa klabu. Mshambuliaji wa akiba huingizwa dakika 20 akaonja mchezo. Kipa wa akiba hukaa benchi msimu mzima. Na kinachochakaa kwanza si mikono, ni uamuzi wa krosi: nitoke au nibaki? Akisita kidogo tu, badala ya kuudaka mpira juu kabisa anaukuta kwenye kichwa cha mshambuliaji. Mazoezi hayarudishi hilo, maana huko hakuna anayekupiga kiwiko.

Upande wa pili nao usijidanganye kwamba kipa wa nyumbani yuko tayari. Anayedakia mchangani, kama vijana wetu wengi, hujirusha bila woga, ila amezoea mpira wa chini unaopoteza kasi. Kwenye nyasi zilizolowa unamteleza chini ya mikono, kwa sababu hainami mapema wala haweki goti nyuma ya mpira kuziba mwanya. Hilo hurekebishika, lakini kwa miezi ya kurudiarudia.

Kwa hiyo namba moja atoke Marseille, hakuna ubaya. Wa pili na wa tatu ndipo ningebishana na kocha: afadhali anayedaka kila wiki nyumbani, Moroni, kuliko jina kubwa lisilo na klabu.