Jirani Yangu wa Namba Saba

Mimi ni fundi wa mbao, hapa Kibuye, Kisumu. Sijawahi kulala korokoroni. Kwa chifu nimeitwa mara moja tu, ile kesi ya mbuzi wa shangazi, na tuliimaliza kwa chai. Sasa nimetimiza miaka hamsini na mbili ndipo naambiwa kwamba huko kwenye intaneti mimi ni mhalifu anayejulikana.

Chanzo ni madawati. Shule moja upande wa Kakamega ilitaka bei ya madawati 60, saiprasi kavu, miguu ya chuma. "Fundi, tuma kotesheni kwa barua pepe kabla ya Ijumaa," mhasibu akaniambia. Mwaka jana mwanangu alinisema sana kwamba mtu mzima na karakana yake hawezi kutumia anwani ya bure kama mtoto wa sekondari. Basi nikalipia yangu, yenye jina la karakana. Nikaichapisha kwenye kadi, nikaiandika hata kwenye mlango, kwa rangi iliyobaki ya kitanda cha mteja. Nikaandika kotesheni, nikagonga mhuri, nikaiskani, nikatuma.

Dakika haijaisha, jibu hilo. Nikasema moyoni, hawa watu wana haraka na madawati. Kumbe jibu halikutoka shuleni. Limetoka kwa mtu anaitwa Mailer-Daemon. Mke wangu ni mama wa maombi. Aliliona jina hilo kwenye simu akataka kujua ni pepo gani huyo ananiandikia saa mbili usiku. Chini ya jina kulikuwa na namba 550 5.7.1 na Kiingereza kingi, ambacho ukikikamua kinasema hivi: umo kwenye orodha nyeusi, barua yako haiingii.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Nililisoma neno "orodha" kwa sauti.

Nyumbani kwetu orodha ni moja tu, ya CRB, ile ya wasiolipa mikopo. "Baba Akinyi, ni mkopo gani wa simu umechukua ukanificha?" Nikaapa. Nikaapa tena. Usiku huo alikagua M-Pesa yangu kurudi nyuma hadi Machi. Mkopo hakuupata, ila alipata mambo mengine mawili matatu ambayo hayahusiani na kisa hiki.

Asubuhi nikampelekea simu kijana wa saiba pale Kondele. Akasoma, akacheka, akasema huyo pepo ni mashine tu ya kurudisha barua, akanirudishia. "Jaduong', tatizo si wewe. Ni ploti yako."

Kumbe anwani yangu haikai peke yake. Kampuni niliyoilipa ina seva, yaani kompyuta ya kutuma na kupokea barua, na ndani ya hiyo seva imepanga wateja mamia, wote wakitoka nje kwa namba moja ya IP, ndiyo anwani ya seva huko kwenye intaneti. Ukiwa umewahi kupanga Manyatta au Nyalenda umeshaelewa: vyumba kumi, choo kimoja, geti moja. Wa chumba namba saba akipika chang'aa, karao wakija usiku hawaulizi namba saba ni wapi, wanaanza kubeba kuanzia namba moja. Mimi nilikuwa namba mbili miaka hiyo, na kilichoniokoa ni kuchelewa kutoka kazini.

Namba saba wetu wa sasa, kijana alimchimbua akampata: duka la dawa za kupunguza tumbo. Anamwaga maelfu ya barua kwa usiku mmoja. Geti likawekwa alama, na sote wa ndani tukawa wapika chang'aa.

Nikauliza, sasa wanaamuaje? Wanafungua barua wasome? Hapana, hawasomi hata mstari. Barua ikifika, seva ya upande wa pili inachukua namba ya geti lenu, inaigeuza ya mwisho ikawa ya kwanza, inawauliza wenye orodha. Kama mmo, jibu linarudi 127.0.0.2, mlango unafungwa. Kama hammo, jibu linasema hakuna jina kama hilo. Nilimwomba arudie hapo. Yaani mtu mwema ni yule ambaye wakiulizwa wanasema hawamjui? "Ndiyo, jaduong'." Basi. Nimehangaika miaka yote hii kujenga jina.

Kijana akaona nimekaa, akanihubiria historia. Kwamba hizo barua za kusumbua zinaitwa spam, na hilo jina lilikuwa la nyama ya nguruwe ya mkebe, inauzwa Marekani tangu 1937. Kwamba tangazo la kwanza la kusumbua watu kwa barua pepe lilitumwa 1978 na muuzaji wa kompyuta anaitwa Gary Thuerk, kwa watu karibu 400. Orodha ya kwanza ya kuwafungia watumaji wa aina hiyo ilianza 1997. Mwaka huo sisi tulikuwa tunapigwa na El Niño, hakuna aliyetuambia kuna mafuriko mengine yanakuja. Nilimsikiliza yote, lakini bado sijaelewa saiprasi yangu imeingiaje kwenye mkebe wa nguruwe. Na yule mjane wa jenerali, aliyeachiwa dola milioni 18 anataka tugawane, mbona ananifikia kila Jumatatu bila hata mgambo wa kaunti kumsimamisha?

Nikapigia kampuni. Nataka kuonana na mwenyewe, tuongee. Wakasema nifungue tiketi. Tiketi ya nini, mimi sisafiri? Nikafungua. Jibu: tunashughulikia, subiri saa 48. Wenye orodha nao wanataka ombi litoke kwa mwenye namba, si kwa mpangaji. Na kijana akaniongezea kwamba hata mkitolewa kabla namba saba hajafukuzwa, mtarudishwa kesho yake. Landilodi wangu wa Nyalenda alikuwa mkali, lakini tarehe tano ulikuwa unamwona uso.

Lile jibu la pepo lilikuwa na mstari mmoja wa huruma mwishoni: ukidhani umeonewa, mwandikie msimamizi. Nikamwandikia, kwa adabu, aya tatu. Pepo akanijibu: 550 5.7.1.

Ijumaa nikaweka kotesheni kwenye bahasha nikapanda matatu. Nikafika geti la shule. Askari akauliza natoka wapi. Fundi, kutoka Kisumu. Akarudi nyuma hatua moja. "Fundi wa Kisumu? Kuna mmoja alileta viti hapa, vikavunjika siku ya wazazi, mgeni rasmi akiwa juu. Tuliambiwa tusifungulie fundi wa Kisumu tena."

Nilitaka kulia. Lakini huyu alikuwa na uso. Nikamuuliza viti vilikuwa vya mbao gani, akanieleza, tukamlaani yule fundi pamoja. Nikaona mlango wa kibanda chake unakwama, na mimi patasi haitoki mkobani. Dakika kumi na tano, mlango unafunga kwa kidole kimoja. Akafungua geti, akanisindikiza mpaka ofisini.

Mhasibu akapokea bahasha, akagonga mhuri. "Asante fundi. Ukituma na kopi kwa barua pepe itatusaidia sana."

Nikasema nitajaribu.

Jioni niko nyumbani, simu ikalia. Barua pepe mpya. Nikajua ni shule. Kumbe ni tangazo: punguza tumbo kwa siku 14. Jina la duka ni lile lile. Namba saba mwenyewe! Nikampigia kijana wa saiba, huyu amenifikiaje na geti limewekwa alama? Akasema barua za ndani ya seva moja hazipiti getini, jaduong', mnagongeana milango tu.

Nikavaa miwani. Nikamwandikia namba saba matusi ya ukurasa mzima, mengine kwa Kijaluo kwa sababu Kiswahili hakina nguvu hiyo. Nikatuma, nikakaa kumsubiri pepo.

Hakuja. Wiki nzima, hiyo ndiyo barua yangu pekee iliyofika.