Leteni Koleo, Fulana Bakini Nazo

Nimeiona tena ile picha. Mafuriko yamepita, nyumba imejaa tope hadi usawa wa dirisha, na mbele yake wamepangwa wanafunzi zaidi ya kumi, fulana nyeupe pee zenye nembo kifuani, wanamkabidhi bibi mmoja katoni ya maji. Katoni moja! Na wote wameishika. Bibi mwenyewe wala hatazami kamera, anatazama mlango wake.

Halafu, kama kawaida, wakajitokeza wajuzi: wanafunzi wabaki darasani, maafa yaachiwe wataalamu. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, kwa sababu nyinyi mmekosea kuliko hata wenye fulana.

Haya, niwape haki yenu kidogo. Kutafuta watu chini ya kifusi si kazi ya kijana wa mwaka wa kwanza, hata awe na kifua cha mbeba magunia. Na tope la mafuriko lina maji ya vyoo na vioo ndani yake, kwa hiyo asiye na buti wala glavu akae kwao. Lakini uokoaji huisha mapema. Kinachobaki ni tope, na tope halihitaji shahada. Katapila haliingii chumbani. Haligeuki kwenye korido. Mzee anayeishi peke yake atalitoaje hilo tope, kwa kijiko?

Tazameni Christchurch, New Zealand. Tetemeko la Septemba 2010, kisha lile la Februari 2011 lililoua watu 185, yaliitikisa ardhi iliyojaa maji hadi mchanga ukapoteza ugumu wake na kufoka juu, ukafunika nyua na bustani za watu. Sam Johnson, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Canterbury, aliwaita wenzake kupitia Facebook, wakaja kwa maelfu. Walifanya nini? Walichota kwa koleo, wakajaza toroli, wakamwaga kando ya barabara ili malori yazoe. Nyumba hii, kisha ya jirani.

Japani nayo ilijifunza. Baada ya tetemeko la Kobe la Januari 1995, watu zaidi ya milioni moja walijitolea, wanafunzi wakiwa wengi mno, na ikaonekana kwamba umati usio na mpangilio ni mzigo mwingine. Siku hizi hufunguliwa kituo, mwenye nyumba anaeleza anachotaka, na wanaojitolea wanagawiwa kazi kwa kufuata hilo. Unakuja na chakula chako, maji yako, hata bima yako. Mwathirika hakupikii.

Na hapo kwenye "anachotaka" ndipo ninapowaomba vijana wanisikilize. Ile ni nyumba ya mtu. Unachokiona takataka, kiulizie kabla hujakitupa, kila kimoja, hata kama jua linakuchoma na umechoka. Baada ya tsunami ya 2011 huko huko Japani kulikuwa na watu waliojitolea kuosha picha tu, zilizookotwa kwenye kifusi: unalegeza tope kwa maji, unasugua taratibu kwa brashi laini bila kufuta sura, unaibana picha kwenye kamba ikauke, mwenyewe aje kuitafuta. Kwa aliyefiwa na mume na kupoteza nyumba, huenda hiyo ndiyo sura pekee iliyobaki. Ungekuwa na haraka, ungeizoa na koleo.

Vyeti vya kujitolea? Wapeni vijana, sina ugomvi na karatasi. Vyuo navyo visogeze tarehe za mitihani, haitawaua.

Na wewe unayepanga safari ya wenzako, uliza kwanza mtalala wapi bila kumnyang'anya mtu godoro. Kama hakuna mahali, bebeni mahema, au subirini mwezi upite. Hamtakuwa mmechelewa: kubandua plasta iliyolowa na kung'oa mbao zilizooza itakuwa ndiyo kwanza inaanza.