Betri ya Tochi Ipimwe Kwanza Kwenye Mizani

Tochi nyingi za kuchaji zinazouzwa siku hizi, kuanzia ndogo za mfukoni hadi zile za walinzi zinazomulika mbali, hutumia betri ya lithiamu inayoitwa 18650. Namba hiyo haielezi nguvu ya betri bali vipimo vyake, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ikiwa halisi, ni betri nzuri sana. Shida ni kwamba mnunuzi hana cha kumwongoza isipokuwa namba nyingine iliyochapwa ubavuni, ile ya mAh inayoonyesha kiasi cha umeme unaohifadhiwa, na kwa maoni yangu hakuna maandishi dukani yanayodanganya watu kuliko hayo.

Mwaka jana nilimnunulia baba yangu, ambaye hulinda ghala usiku huko Morogoro, betri mbili zilizoandikwa 9,900 mAh, kila moja kwa shilingi 5,000. Alinishukuru, akakaa kimya wiki mbili, kisha akaniambia kwa upole kwamba tochi inafifia kabla ya saa nne usiku na ile betri ya akiba haifiki hata saa sita. Nilizichukua, nikaziweka kwenye mizani ya jikoni, na kila moja ikasoma gramu 31. Rafiki yangu mmoja ambaye ni fundi alizitia kwenye chaja yake inayopima uwezo, na hakuna hata moja iliyovuka 900 mAh. Niliumia sana, kwa maana mzee wangu alikuwa amezunguka ghala gizani usiku baada ya usiku kwa sababu mimi niliamini maandishi ya kwenye ganda la plastiki.

Mizani husema kweli kwa sababu umeme wa betri hukaa ndani ya vitu vyenye uzito: grafiti na oksidi za metali kama nikeli na kobalti, zilizopakwa kwenye karatasi nyembamba za shaba na alumini. Ukitaka umeme mwingi zaidi, lazima uongeze vitu hivyo, na nafasi iliyomo ndani ya kopo la milimita 18 kwa 65 haiongezeki. Sony ilianza kuuza betri za lithiamu-ioni mwaka 1991, na baada ya zaidi ya miaka thelathini ya utafiti wa makampuni makubwa, betri bora za ukubwa huu zinazopatikana kwa kawaida bado zinazunguka 3,500 mAh. NCR18650B ya Panasonic imeandikwa 3,400, na 35E ya Samsung pamoja na MJ1 ya LG zimeandikwa 3,500. Zote zina uzito wa kati ya gramu 45 na 50. Kwa hiyo betri ya 18650 inayojitangaza kuwa na 6,000 au 9,900 haihitaji hata kupimwa. Iache pale pale mezani kwa muuzaji. Anayehitaji umeme zaidi atafute tochi inayotumia betri nene ya 21700, ambayo hufikia 5,000 mAh kwa uzito wa gramu 70 hivi.

Wapo watakaosema kwamba betri halisi ni ghali, na ni kweli kwamba ile niliyonunua baadaye ilinigharimu shilingi 18,000. Lakini ilipopimwa ilitoa 3,300 mAh, ambayo ni sawa na shilingi 5,450 hivi kwa kila 1,000, wakati ile ya shilingi 5,000 yenye 900 ilikuwa imenigharimu zaidi ya shilingi 5,500 kwa kiasi hicho hicho. Hapo bado sijahesabu kwamba betri nzuri huvumilia kuchajiwa mamia ya mara.

Kuhusu betri zinazotolewa kwenye laptop za zamani, natofautiana na marafiki zangu wanaozisifu. Nakubali kwamba nyingine ni nzima, na fundi mwaminifu akikupimia mbele yako unaweza kupata kitu cha maana kwa bei ndogo. Ila nyingi zimeshachoka, na baadhi huvalishwa ganda jipya na kuuzwa kama mpya, kwa hiyo angalia ncha zake: zikiwa na makovu ya kulehemu, ujue zimewahi kutumika. Mimi simpi mtu betri ya namna hiyo ikiwa kazi yake ya usiku inaitegemea.

Kwa tochi zenye mwanga mkali sana, uangalie pia ampea, yaani wingi wa umeme unaotoka kwa wakati mmoja, ambazo betri inaweza kutoa bila kupata joto kupita kiasi. 30Q ya Samsung ina 3,000 mAh tu lakini hutoa ampea 15, na hiyo inaifaa tochi kali kuliko betri yenye mAh nyingi inayotoa umeme polepole. Tochi ya kawaida ya mlinzi haihitaji hayo. Inachohitaji ni betri yenye kinga ya ndani, ile inayokata umeme betri inapokaribia kuisha kabisa au inapochajiwa kupita volti 4.2. Kinga hiyo huongeza urefu wa milimita chache, kwa hiyo nenda dukani na tochi yenyewe ujaribu kama kifuniko kinafunga.

Baba sasa ana betri mbili za 3,400, moja ndani ya tochi na nyingine ya akiba. Nimemnunulia pia kikasha cha plastiki cha kuwekea hiyo ya akiba, kwa sababu alikuwa akiitia mfuko mmoja na funguo za ghala, na ufunguo mmoja tu ukigusa ncha ya chanya na kopo la hasi kwa pamoja unatosha kuiunguza betri hiyo mfukoni mwake.