Mjomba na Saa Zangu 20

Wabeba boksi wenzangu wa ughaibuni, salamu. Mimi hata boksi sijabahatika, nimekabidhiwa sufuria. Naosha vyombo jikoni kwenye hoteli moja hapa Coventry, na leo nina ugomvi na wawili: serikali ya Uingereza na mjomba wangu wa Morogoro.

Serikali kwanza. Viza ya mwanafunzi wa chuo kikuu hainiruhusu kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo, Jumatatu hadi Jumapili. Wiki hii nikipata zamu za saa 12, zile 8 ndiyo basi, haziwekwi akiba. Likizo ikifika, wenzangu wa shahada ya kwanza wanapiga kazi kutwa. Mimi wa uzamili kiangazi kizima nimekabwa na tasnifu, kwa hiyo bado nahesabiwa niko masomoni.

Sasa mjomba. Jumamosi mchana nimeinamia trei ya lasagna, jibini imeng'ang'ania pembeni kama mpangaji asiyelipa kodi, glavu imetoboka kidoleni na maji ya moto yanaingia. Simu ikalia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Eti huko mnalipwa kwa saa?"

Nikamwambia kima cha chini kwa sisi wa miaka 21 na kuendelea, kilichoanza Aprili 2025, kilikuwa pauni 12.21. Mzee akazidisha mara 24, akazidisha tena mara 30, akageuza kuwa shilingi, papo hapo nikawa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya binamu yangu. Kadi ya mchango nimeandikiwa "Dabo". Kodi ya chumba haimo kwenye hesabu zake. Nauli haimo. Hata usingizi haumo!

Nikamweleza habari ya saa 20.

"Kwa siku?"

"Kwa wiki, mjomba."

Akaguna. "Basi kaanga maandazi uuze."

Kujiajiri ni marufuku kwa viza hii.

"Cheza mpira."

Mchezaji wa kulipwa marufuku, na imeandikwa kabisa, ingawa kwa kitambi hiki sijui walimhofia nani.

"Hata kuimba kwenye maharusi ya Waswahili wenzako, wakutunze?"

Utumbuizaji nao marufuku.

Kimya. Nikasikia kikombe kinatua kwenye kisosi.

"Sasa wewe huko umeruhusiwa nini?"

"Kusoma, mjomba."

"Kusoma! Si ungebaki tu hapa chuoni Mzumbe?"